Hospitali Uliyoifunga, na Jioni Yangu ya Maziwa

Kapseret, alasiri, kesho ndiyo safari

Jerop mwanangu,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda kuwaaga majirani. Najua mtaanzia dukani kwa Mama Njeri, na kwa Mama Njeri hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya kikombe cha pili, kwa hiyo nina muda. Nimefunga mlango wa jikoni ili kuku wasiniingilie, nimesukuma kando nyaya zako, na nimeketi kwenye meza hii uliyoigeuza ofisi tangu ulipomaliza chuo pale Chepkoilel. Usiucheke mwandiko wangu. Nilifundishwa kuandika na mwalimu aliyekuwa na kiboko kirefu na subira fupi.

Mambo ya sweta, soksi na namna ya kupika ugali katika nchi ya theluji sitayagusa. Shangazi yako Rael amekuhubiria hayo wiki nzima, na yeye mwenyewe hajawahi kufika mbali kuliko Nakuru. Mimi nataka kujibu lile ulilosema leo asubuhi.

Ulikuwa unamkamua Tausi, mgongo umenipa, ukasema bila hata kugeuka, "Mum, nafikiria niwaandikie email niwaambie siendi. Hii kitu labda si yangu." Halafu ukaendelea kukamua kama mtu aliyesema mvua itanyesha. Mimi nikakosa neno. Nikabeba ndoo nikaondoka, na baba yako aliponiuliza kwa nini maziwa yamemwagika mlangoni, nikamsingizia paka.

Sasa neno nimelipata, ila ni refu.

Najua kinachokusumbua ni ile hospitali. Kazi yako mimi ninaielewa kuliko unavyodhani. Wanawake wa kanisani wakiniuliza Jerop anaenda kusomea nini Ufini, huwa nawaambia hivi: kuna watu wanajenga mji wa uongo ndani ya kompyuta. Una hospitali, benki, kituo cha umeme, na kila mtambo unafanya kazi kama wa kweli, lakini mji wote umefungiwa ndani, hakuna waya hata mmoja unaotoka nje. Kisha wanafunzi wengine wanaambiwa wawe wezi wa mtandao, wengine wawe walinzi. Wanapigana kutwa nzima. Jioni mwalimu anabonyeza mahali, na mji unaamka upya kama ulivyokuwa asubuhi, bila jeraha. Wanawake wanashangaa. Mmoja aliniuliza, "Na wagonjwa je?" Nikamwambia wagonjwa ni majina tu, na majina yenyewe ni yetu, maana ulipotengeneza hospitali yako ndogo pale chuoni ulikosa wagonjwa ukajaza ukoo wote. Shangazi Rael ulimlaza wodi ya wazazi na umri wake ule. Tausi alikuwa na mkono uliovunjika. Tulicheka mpaka baba yako akatoka kuangalia kama kuna msiba.

Wiki iliyopita hatukucheka. Walimu wa huko waliwaweka ninyi wanafunzi wapya kwenye zoezi la kwanza, kila mtu akiwa kwao, na wewe ukapewa ulinzi wa hospitali. Nilikuwa nyuma yako namenya viazi. Niliona mgongo wako ukikaza. Wezi walipoingia, wewe ndiye uliyewaona kwanza, hilo nililisikia kwa masikio yangu, ulipiga kelele mpaka mbwa akabweka. Ukakimbilia kufunga mlango, na ukafunga usio wenyewe. Madaktari na wauguzi wote wakabaki nje, faili za wagonjwa na wezi vikabaki ndani. Hospitali nzima ikasimama. Ukaniambia kwa sauti ndogo, "Nimeua watu, Mum." Nikakuuliza, "Umemuua Rael?" Hukucheka. Hapo ndipo nikajua mambo ni mazito. Mwalimu wako alikuandikia kwamba ulikuwa mwanzo mzuri na kwamba mkifika mtaanzia hapo hapo, wewe ukasema hao wana adabu tu, wanakuonea huruma.

Ngoja nikusimulie jioni ya maziwa. Unajua kwamba watu hapa huniita Mama Mtambo, na unajua kuna kichekesho nyuma yake, lakini ulikuwa shule ya bweni wakati huo, na hakuna aliyewahi kukupa hadithi yote.

Inaanzia mbali. Ulikuwa mtoto wa chekechea wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi. Unasema unakumbuka moshi, na kulala umevaa viatu. Mimi nakumbuka simu. Ujumbe ulikuwa unaingia mfululizo: malori yamejaa watu wenye silaha, yanakuja kwa barabara ya uwanja wa ndege, wanakuja kutumaliza. Hakuna aliyejua umeanzia wapi. Kila mtu aliupata kwa mtu anayemwamini, na huyo aliupata kwa mwingine anayemwamini. Sisi watu wazima methali tulikuwa nayo tayari mdomoni: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Vijana wetu wakatoka kwenda kuyazuia malori. Malori hayakuwapo. Lakini walikuwa wameshatoka na hasira yao, na wakati wa kurudi wakapita kwa Mama Njeri, ambaye wazee wake walikuja hapa kutoka mkoa wa Central kabla mimi sijazaliwa. Duka likaungua na unga wote na cherehani yake. Yeye na watoto walikuwa kwenye zizi letu la ndama, na baba yako aliketi mlangoni akijifanya anatia jembe mpini. Kulipotulia kidogo tuliwasindikiza mpaka Showground, kambini, chini ya maturubai. Nilirudi nyumbani nikiona haya kumtazama mtu machoni.

Wengi hawakurudi, na siwalaumu. Mama Njeri alirudi. Siku alipofungua duka la mabati mahali pale pale, nilikwenda mapema nimuunge mkono. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kusema, lakini nilipofika kaunta yakayeyuka yote, nikaagiza kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni, na kilikuwa kiberiti. Tukatazamana. Nilitaka kufa. Yeye akashika mdomo, mabega yakaanza kutikisika, akasema, "Haki Mama Jerop, kati ya vitu zote?" Tulicheka pale mpaka tukalia, na tulipomaliza kulia tulikuwa majirani tena.

Huyo ndiye aliyeleta mazoezi. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, na simu zikaanza kunong'ona tena, alisimama baada ya kwaya akasema, "Ule mwaka, message ilifika kabla ya moto. Sisi hufanya practice ya kuimba kila wiki, na hakuna mtu ameshawahi kuungua juu ya kuimba vibaya. Mbona hatufanyi practice ya uvumi?"

Watu walicheka, kisha wakakubali. Tukawa tunakutana jikoni mwa kanisa, sisi na majirani zetu wa Central waliorudi, Mama Njeri akileta maharagwe ya njano na punje moja nyeusi ya njahi ndani ya sufuria. Kila mtu anachomoa bila kutazama. Atakayetoa njahi ndiye mwongo wa wiki hiyo, na hamwambii mtu. Anatunga uongo, anautuma kwa simu za wanakikundi wachache, nao wanaupitisha kwa wenzao. Sufuria ya chai inainjikwa. Kazi yetu ni kumfikia mwongo kabla chai haijachemka, na tunamfikia kwa swali moja tu tunalorudia kwa kila mtu: nani amekuambia, na yeye aliona kwa macho yake? Masharti yalikuwa mawili. Uongo usiguse kabila wala siasa, na usitoke nje ya simu zetu.

Nikuambie ukweli, tulikuwa wabovu. Baba yako alipotoa njahi alituma kwamba mbuzi wa mchungaji ameingizwa kwenye kamati ya ujenzi, na chai ilichemka ikafurika bado watu wazima wanabishana mbuzi huyo ni jike au dume. Mwingine alitangaza harusi ambayo haipo, na mama mmoja akalia kwa kutoalikwa. Tulishindwa wiki baada ya wiki na kwenda nyumbani tukicheka. Hakuna aliyesema anaacha kwa kuwa ameshindwa.

Halafu nikatoa njahi mimi.

Nilijiona fundi. Nikaandika: mtambo wa kupozea maziwa umeharibika, kesho hawapokei, peleka maziwa yote leo jioni. Niliwaza, huu ni uongo mpole, nani anayepigania mtambo? Sasa wewe nitajie kitu ambacho watu wa Kapseret wanakipigania kuliko maziwa. Nikautuma kwa kikundi. Tukainjika chai tukaanza kuulizana.

Nilichosahau ni Josphat wa bodaboda. Josphat alikuja mkutano wa kwanza, akaona hakuna chakula, hakurudi tena, na mimi sikumtoa kwenye ile orodha ya simu yangu. Najua ninyi wa kompyuta mna jina la kosa hilo, la mtu aliyeacha kazi na ufunguo akabaki nao. Sisi hatukuwa na jina. Josphat ni mtu mwema, na ndiye anayebeba maziwa ya nusu ya mitaa hii kwa pikipiki. Aliposoma alifanya kile ambacho mtu mwema hufanya, aliwajulisha wateja wake wote, nao wakawajulisha shemeji zao.

Tulikuwa bado jikoni mwa kanisa, tunachekana, wakati Mama Njeri aliponyoosha kidole kimoja. "Kai hiyo ni nini?" Zilikuwa pikipiki. Tulitoka nje tukaona barabara yote: pikipiki, mikokoteni ya punda, toroli, akina mama na madebe kichwani, kila mtu anakimbiza maziwa ya jioni kwenye kituo kilichofungwa. Mlinzi alikuwa amejifungia ndani kwa hofu, akijibu kupitia tundu la mlango kwamba hajui kitu. Watu wakajaa mpaka lango likaanza kuyumba. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu.

"Hii ni njama. Wanataka maziwa yetu iharibike kabla ya kura."

"Nani wanataka?"

"Si unawajua!"

Mwanangu, watu wakaanza kujitenga bila kujijua, hawa upande huu, wale upande ule, na madebe katikati. Na uongo ulikuwa wangu, nilioutunga kwa raha zangu nikisubiri chai.

Mama Njeri alipanda juu ya kreti ya soda. Mwanamke mfupi vile, kilemba kimelegea. Akamwelekezea kidole yule aliyesema njama. "Wewe, nani amekuambia mtambo imeharibika?" Akasema ni shemeji yake. "Shemeji, uko hapa? Uliona na macho?" Shemeji akasema hapana, aliambiwa na mwalimu. Mwalimu akasema ni Josphat. Na wenzetu wa kikundi, bila mtu kuwapanga, wakaanza kuuliza lile swali kila pembe ya umati, hawa kwa hawa na hawa kwa wale, mpaka kelele zote zikageuka kuwa swali moja. Josphat akainua simu yake juu. "Mimi nimetumiwa na Mama Jerop! Message iko hapa, sijafuta!"

Umati ukageuka kunitazama. Niliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni mimi. Mtambo ni mzima. Ilikuwa uongo."

"Kwa nini ulidanganya watu?"

"Tulikuwa tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuzuia uongo."

Mzee mmoja pale mbele, ambaye mkokoteni wake ulikuwa na madebe mengi kuliko ya mtu yeyote, akasema, "Basi hiyo mazoezi imeiva sana," akaanza kucheka kicheko cha kukohoa, na kicheko kikapita kwenye umati kama ule ujumbe ulivyopita. Mlinzi alifungua mlango kuona kuna nini. Maziwa yalikuwa hapo, na mengi. Mama Njeri akafungua duka akatoa majani na sukari, tukaleta masufuria makubwa ya kanisa, na jioni ile Kapseret nzima ilikunywa chai ya maziwa matupu, bila tone la maji, barabarani. Watu ambao walikuwa hawajasalimiana tangu ghasia walishika vikombe vya plastiki wakinicheka mimi. Sijawahi kuchekwa vizuri namna ile.

Lakini usiku ukapita, kukapambazuka, na haya zikanishika. Niliona tu lile lango likiyumba. Jumapili nikamtuma baba yako kanisani peke yake, nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa kikaendelea kwa muda. Nilijiambia kwamba mtu aliyekaribia kuwasha moto kwa mkono wake hana kazi tena ya kuzima moto. Nadhani unaifahamu hesabu hiyo, maana ndiyo uliyokuwa unaipiga leo ukimkamua Tausi.

Mama Njeri alikuja kwa miguu yake. "Umefia huku ama?" Nikamwambia nimestaafu uongo, nilikaribia kuleta vita. Hakunibembeleza. Alisema, "Ee, ulikaribia. Na tukaona vile inaanza, na vile inaisha. Nikiwa kwa hiyo kreti miguu yangu ilikuwa inatetemeka, lakini mdomo ilikuwa inajua swali. Unafikiria ilijulia wapi? Ni kwa hiyo uongo yenu ya mbuzi." Halafu akasema lile ambalo ndilo nililoketi hapa nikuandikie. "Na shimo yenye uongo ilitokea, ni wewe tu unaijua. Ukiacha, tutabaki na watu hawajawahi kuanguka. Hao mimi siwataki."

Nikarudi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupitia simu ya kila mtu na kufuta kila jina ambalo halikuwa la kikundi. Nilikuwa mkali kama askari wa benki. Na uchaguzi ulipofika, siku tunangoja matokeo, nilikuwa naanika nguo simu ikalia. Malori. Barabara ile ile. Moyo wangu uliruka, lakini kabla haujatua nilikuwa nimeshampigia aliyenitumia, na mdomo unauliza: nani amekuambia, na aliona kwa macho? Mama Njeri alikuwa anapiga upande wake. Maswali yetu yote yalikutana kwa mwanamume mmoja mjini, mwanzilishi wa ujumbe, ambaye alikuwa hajatoka nyumbani tangu apige kura. Tukawarudishia watu jibu, nyumba kwa nyumba. Usiku ule tulilala bila viatu.

Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba ile hospitali ni ushahidi kwamba kazi si yako. Sasa unajua mkono wako unakimbilia wapi ukiogopa. Wenzako waliokaa kimya bado hawajui mkono wao unakimbilia wapi. Afadhali umelijua hilo kwenye hospitali ya uongo kama ile ya Rael kuliko pale hospitali kuu mjini bibi yako anapochukulia dawa zake za sukari, ambako hakuna mwalimu wa kubonyeza watu waamke upya. Mwalimu wako aliposema mtaanzia hapo hapo, mimi sikusikia adabu. Nilimsikia Mama Njeri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mama, na wewe koleo lako halijavunjika, umelishika tu upande wa moto.

Utakosea tena huko, na mbele ya watu, kwa lugha ngeni. Ukikosea, inua mkono mapema. Mimi nilichelewa mpaka Josphat akanitaja, na hapo katikati ndipo palipokuwa na hatari yote. Kisha ungoje wakucheke, uchekwe vizuri, na urudi wiki inayofuata.

Kuna jambo la mwisho. Maziwa ya asubuhi hayakumwagwa na paka. Uliposema huendi, moyo wangu uliruka kwa furaha, Jerop. Nilijiona nikiwa nawe hapa mezani mwaka huu na mwaka ujao, wewe na nyaya zako, mimi na viazi vyangu. Furaha ile ilinishtua ndiyo ndoo ikayumba. Kwa hiyo ukisoma kwamba nakuambia nenda, ujue nakuambia kinyume cha tumbo langu. Nakupenda kupita kiasi, na nitakukosa mpaka Tausi anihurumie, na bado nasema nenda.

Lango limelia. Mmerudi, na baba yako anacheka peke yake, bila shaka amepewa kikombe cha tatu. Sijui Mama Njeri amekuambia nini. Nilikuwa nimepanga kuuliza kwa upole baada ya chakula.

Sasa nakusikia uani. "Dad, ile mizani ya maziwa iko wapi? Nataka nipime suitcase."

Nimeweka kalamu chini nikalia kidogo, nimeichukua tena. Mtu asiyeenda popote hapimi sanduku. Baba yako amelitundika kwenye boriti ya zizi na anasoma kilo kwa sauti ya mnada. Limezidi. Unamwambia, "Toa sweta za Auntie, computer usiguse." Barua hii nitaipenyeza mkishamaliza kupima, isije ikahesabiwa.

Linakuelemea, nakuona dirishani. Ngoja, usilibebe peke yako. Nakuja kukushikia upande mmoja.

Mama yako